Nilivyouzeesha Ukuta Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Tumekwisha! Mkutano umefanyika ghalani. Meli za mizigo haziji tena, kwa hiyo bandari yetu itageuzwa marina: boti za matajiri mbele, hoteli, maduka na fleti nyuma. Majengo ya kale yatabaki. Niliposikia neno tingatinga nikatoka mbio, sikungoja wamalize. Mhandisi anakagua Ijumaa. Karakana yangu ya injini za boti niliijenga mwenyewe mwaka niliooa, na tunalala juu yake. Ikivunjwa, ni kwa mama mkwe!

Jumanne, 4
Wazo! Nani ajuaye umri wa ukuta? Nimebandua plasta. Nimelowesha matofali kwa maji ya majani ya chai. Kinyozi wa jirani, adui yangu wa siku zote, anapaka duka lake rangi mpya. Mjinga kweli! Akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia ashike lake. Mke wangu akauliza vumbi linatoka wapi. Nikasingizia panya. Akasema basi panya huyo arudishe patasi mahali pake.

Jumatano, 5
Bado panaonekana pa juzi. Nimechonga ufa kwenye nguzo ya kati. Ufa mzuri, wa kihistoria kabisa.
Jioni umefika mahali ambapo sikuchonga. Nimeufunika kwa kalenda.

Alhamisi, 6
Dari inalia. Mke wangu akijigeuza kitandani, roho inaniruka. Nimemsihi atembee taratibu. Akauliza kama namwita mnene. Ningemwambia ukweli, lakini namwogopa yeye kuliko dari. Ufa umeipita kalenda.

Ijumaa, 7
Mhandisi ni mama mmoja mwenye kofia ya njano. Nikamwapia kwamba jengo ni la enzi za babu wa babu yangu. Akainua kalenda. Akarudi kinyumenyume hadi barabarani, akimpigia mke wangu kelele ashuke hivyo hivyo, bila viatu. Mke wangu alipokanyaga lami tu, dari ikashuka na kitanda chetu juu yake. Nikakaa chini nikalia. Angekuwa bado amelala!
Mhandisi akauliza nani alinidanganya kwamba fundi wa boti atafukuzwa kwenye gati la boti. Kumbe mafundi wote walikuwa wabaki, mradi majengo yao ni imara. Ilisemwa mwisho wa mkutano. Kinyozi anabaki. Kanishika bega kwa huruma, mshenzi yule.

Jumapili, 9
Kwa mama mkwe. Nalala sebuleni, peke yangu. Leo mama mkwe kasema barabara ya kwenda marina itapanuliwa, huenda ikapita hapa. Nyumba hii ikienda, tutakwenda wapi?
Wametoka wote, mama na binti. Nyundo ninayo. Na kosa langu nimeshaliona: safari hii siigusi nguzo ya kati. Naanza na ya pembeni.