Ganda Moja Pungufu

Jumatatu, tarehe 6
Leo mazoezi ya shabaha. Nimefyatua risasi kumi, nimerudisha maganda tisa. La kumi limo ndani ya buti la kushoto! Nitamtengenezea baba mkwe mtarajiwa kitu cha kuning'inizia funguo. Mzee ananiita askari wa mdomo, eti hajawahi kuniona na bunduki. Nimemweleza mpaka mate yakanikauka: zetu zinalala ghalani, hutoki nayo bila sahihi tatu. Wapi! Anamsifu mwanawe, shemeji yangu fundi cherehani, mwenye bunduki ya kuwindia nyuma ya kabati, pamoja na miavuli. Huyo ndiye dume! Jumamosi naitwa kwao chakula cha mchana, mzee atoe jibu kama ananipa binti.

Jioni Koplo wa ghala kahesabu upya. Ganda moja pungufu. Ruhusa zote zimefutwa mpaka lipatikane.

Jumanne, tarehe 7
Kikosi kizima kimepiga magoti nyasini. Natafuta kwa bidii kuliko wote, hata Koplo kanisifu. Ningelidondosha tu, yangekwisha. Ila jana nilishalitoboa tundu la mnyororo! Haraka zangu hizi. Nimempigia shemeji, nikamwomba ganda moja. Akasema nichukue hata konzi nzima, yeye hahesabu. Uraiani raha jamani!

Jumatano, tarehe 8
Shemeji kanipenyezea bahasha kwenye waya wa kambi. Nikaimimina nyasini kisirisiri, bila kutazama, nikapiga ukelele: nimeliona! Wakanibeba juu juu. Koplo akaliokota. La plastiki. Jekundu. La bunduki ya kuwindia, yetu ni ya shaba! Wakanishusha. Sasa Koplo anasema kuna raia kafyatua risasi kambini kwetu. Wenye leseni za bunduki wote wa jirani wameitwa.

Alhamisi, tarehe 9
Shemeji kaja na bunduki yake, utando wa buibui umo. Koplo akamuuliza ana risasi ngapi. Akajibu, kadhaa. Koplo akaomba kiti. Akauliza kufuli iko wapi. Shemeji akauliza kufuli ya nini. Leseni anayo, fomu alijaza, picha mbili alipeleka, na tangu hapo hakuna aliyekuja kumwuliza lolote. Basi maganda yake humpa nani? Akanyoosha kidole. Kwangu! Msaliti mkubwa.

Ijumaa, tarehe 10
Nimelitoa. Koplo kaandika daftarini: ganda moja, lina tundu. Hesabu imetimia. Wenzangu wamepewa ruhusa, mimi siku kumi na nne za kufyeka. Nimelia, sifichi.

Jumamosi, tarehe 11
Mzee kaja mwenyewe hadi getini. Kanikuta na fyekeo. Amesema jibu nitalipata siku bunduki ya mwanawe itakaporudi. Polisi wameizuia mpaka awe na kabati lenye kufuli ya maana.

Kufuli ya maana! Ghalani zipo nane, mlango unatumia tatu. Koplo anahesabu bunduki, anahesabu risasi, anahesabu maganda. Kufuli sijamwona akizihesabu hata siku moja. Na buti la kushoto sasa lina nafasi.