Toba ya Fundi Makochi

Jumatatu, tarehe 8

Mke wangu amesema hajakasirika. Amesema bila kuulizwa, huku akikifunika cherehani chake kwa shuka. Hapo nikajua nimekwisha.

Jana kanisani tulipokea mito mipya ya kupigia magoti pale madhabahuni. Myekundu, minono, mshono hauonekani hata uutafute kwa tochi. Mchungaji akauliza ni kazi ya nani. Miguu yangu ikasimama yenyewe! Nikamshukuru Mungu kwa kipaji alichonijalia. Mchungaji akauliza kama mama naye hakusaidia. Nikasema alisaidia sana, alikuwa ananiletea chai. Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, ila kwa meno tu.

Ukweli, maadamu hapa niko peke yangu: mimi nilikata sponji. Basi. Vitambaa, vifungo, mishono yote ni yake, mpaka vidole vikatoboka.

Leo karakanani hajagusa sindano. Kaniletea chai. Nilipomaliza, akaleta nyingine. Kisha nyingine. Nikamwambia inatosha, mama watoto. Akajibu, kwa upole wa kutisha, kwamba hiyo ndiyo kazi yake na kanisa zima linajua. Mpaka tunafunga tumbo langu lilikuwa likicheza kama debe la maji. Naona aibu kidogo. Pia nimeshinda chooni.

Jumanne, tarehe 9

Mkakati! Nimekwenda kwa mchungaji kumwomba aje nyumbani amfundishe mke wangu kusamehe. Sikusema ni mimi. Nilisema kuna ndugu mmoja mwenye mke mgumu. Mchungaji akauliza kama huyo ndugu ameshaomba msamaha. Nikasema yuko mbioni. Akasema nimwambie huyo ndugu afike Jumamosi kwenye mkutano wa wanandoa, kutakuwa na nafasi ya kutubu. Akaongeza kwamba huyo ndugu asisahau na kofia yake, nilikuwa nimeiacha mezani.

Mkutano wa wanandoa! Mara ya mwisho alitubu yule seremala tunayemwita Aleluya. Alilia mpaka shati likalowa, mkewe akamkumbatia, watu wanamsifia hadi leo. Na kosa lenyewe lilikuwa kusahau siku ya kuzaliwa ya mkewe. Toba ya bei rahisi kabisa.

Jioni mke wangu kanieleza, taratibu tu, kwamba duka la mapazia limemwomba akawafanyie kazi. Atawajibu Jumatatu. Kasema huko watu hushona na hujulikana kuwa ndio walioshona. Hakununa wala hakupandisha sauti. Nikasema vizuri, hongera. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Tumefanya kazi meza moja tangu tuoane. Nikiinua macho namwona. Asipokuwepo nitamwona nani?

Jumatano, tarehe 10

Nimeomba msamaha! Nilijikaza kisabuni nikamwambia kama nimemkosea, basi anisamehe. Akauliza: kama? Nikarekebisha, nikasema kama aliumia. Akauliza tena: kama? Nikamweleza kwamba hata yeye mwenyewe angeweza kusimama pale kanisani akajisemea, mdomo anao.

Akaenda kuchemsha chai.

Jumatano, baadaye

Nimeamua kushona mwenyewe. Kuna kochi la mteja, mama mmoja mwenye duka la viatu, analitaka kesho. Ni kitambaa na uzi tu, kuna ugumu gani? Nimekivua shuka cherehani. Kwanza kilikataa. Nikakibembeleza. Kikakubali, kikashona kitambaa cha kochi pamoja na mkono wa shati langu. Mke wangu alikuwa mlangoni na kikombe. Hakucheka. Aliweka kikombe chini, akachukua mkasi, akanikata kutoka kwenye kochi, akaondoka. Heri angecheka.

Alhamisi, tarehe 11

Aibu ya mwaka. Mama wa viatu kaja kuchukua kochi lake. Kalizunguka. Kakaa. Pwaa! Mshono wote wa nyuma umeachia, sponji nje. Akanyanyuka, akauliza mama yuko wapi. Nikasema anapumzika. Akasema ndiyo maana. Kumbe huwa anapita mafundi wengine wote kule barabarani kwa sababu ya mkono wa mke wangu, na si yeye peke yake. Akaniuliza, tena kwa huruma, mimi hasa kazi yangu ni ipi pale.

Nikamwambia, sponji.

Kwa hiyo wanajua! Mtaa mzima unajua nani anashona. Hata pale kanisani walikuwa wanajua. Walicheka kwa sababu walijua. Nimejificha nyuma ya marundo ya sponji nikijifanya napima. Uso wangu niuweke wapi?

Ijumaa, tarehe 12

Hakuna njia, nitatubu kesho. Lakini nikitubu, nitubu vizuri kumpita Aleluya. Tatizo ni machozi. Mimi nina aibu nyingi ila machozi sina. Nimejaribu mbele ya kioo. Nimefikiria mambo ya kuhuzunisha. Wapi! Mwisho nimefunga kitunguu kilichokatwa ndani ya leso. Yakatoka ya kutosha! Binti yangu kanikuta, kauliza kuna nini. Nikamwambia ni uchungu wa dhambi. Akasema uchungu huo unanuka kachumbari.

Jumamosi, tarehe 13

Naandika huku macho yamevimba.

Mchungaji aliita wenye la kutubu. Nikatoka mbele. Nilianza vizuri, nikasema sisi wanaume tuna udhaifu. Mchungaji akaniomba nisiwasemee wanaume, niseme langu. Nikatoa leso. Jamani, kile kitunguu kilikuwa kimelala usiku kucha! Macho yaliwaka moto, sikuona tena mtu wala ukuta. Nikapapasa, nikapiga magoti mbele ya viatu vyeusi, nikasema mke wangu mpenzi. Viatu vikarudi nyuma. Vilikuwa vya mke wa Aleluya. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Aleluya hakusema aleluya.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nikageuka nikimbie, nikajikwaa, nikaanguka kifudifudi juu ya mto mmoja wa kupigia magoti. Nikabaki hapohapo. Kuinuka niende wapi? Vidole vyangu vilikuwa kwenye ukingo wa mto, nikausikia ule mshono wake. Mdogo, sawasawa, wenye subira. Nikamkumbuka akiwa ameinama juu yake, ananyonya kidole kilichochomwa na sindano, mimi nimelala kwenye sponji nikingoja aseme tayari.

Nikasema nikiwa pale chini, mdomo umo kwenye kitambaa. Nilisema nilidanganya mbele yenu. Mito yote ameshona yeye. Nilimfanya mwenye kuleta chai ili nionekane mimi, na nimemvunjia heshima mke wangu mbele ya watu anaosali nao. Sikusema kama. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Niliona aibu mpaka masikio yakaziba, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikutafuta pa kujificha.

Mkono ukanishika begani. Yeye. Akanifuta uso kwa mtandio wake, akasema amenisamehe, kila mtu akasikia. Kisha akaninong'oneza nikanawe kwa maji mengi na nisijishike machoni.

Tulirudi nyumbani akiniongoza mkono kama kipofu. Njiani akasema atalikatalia duka la mapazia. Macho yakanilowa upya. Yale machozi mengine hayakuwa ya kitunguu.

Jumapili, tarehe 14

Nimeamka mwepesi, mtu mpya. Nikavaa koti. Nikajua leo watanipongeza, maana toba kama ile haijawahi kuonekana pale.

Wamempongeza yeye! Foleni nzima ikampa mkono. Mama una moyo. Mama umetufundisha. Mchungaji kahubiri juu ya kusamehe toka mwanzo hadi mwisho, akimtaja yeye. Aleluya kaja na mkewe kumwomba awaombee. Mimi nimeshikishwa mkoba wake! Nani alianguka kifudifudi? Nani karibu apofuke? Yeye alisema neno moja tu, nimekusamehe, na limefunika toba yangu yote.

Sikulala mchana kwa kuwaza. Nimegundua kosa langu. Nilichagua upande mbaya. Anayetubu anachekwa, anayesamehe ndiye anayepewa mkono.

Jumatatu, tarehe 15

Amerudi kwenye cherehani. Anaimba. Kochi la mama wa viatu linapendeza, nami sijambo, nakata sponji.

Mkutano wa wanandoa uko mwezi ujao. Nimekwishamwambia mchungaji anitengee nafasi, nitasimama mbele ya wote na kumsamehe mke wangu. Nitamsamehe kwa sauti, kwa upole mwingi, pengine hata nimkumbatie. Kilichobaki ni yeye kunikosea.

Nimehamisha kiti changu ili nimwone vizuri. Kaniuliza mbona namtazama hivyo. Nikamwambia ni mapenzi. Akatabasamu, akaendelea kushona. Bado hajakosea, lakini siku ndiyo kwanza inaanza.