Usimkopeshe Korongo Soksi

Jumanne, 3 Februari

Kicheko cha Bi. Hetherington, kupitia mlango wa choo. Kimenifuata mpaka nyumbani, kimepanda ngazi nami, na sasa kimekaa mezani. Hakikuwa changu, si mimi niliyemchekesha.

Kwenye mlango wa choo cha ofisi, upande wa ndani, kuna karatasi. Tunaandika hapo misemo yetu ya Kiholanzi kwa Kiingereza, neno kwa neno. Bi., mwenye ofisi hii ya tafsiri, ni Mwingereza. Miaka thelathini ametafsiri hapa Zwolle, Uholanzi, na misemo yetu bado inamvunja mbavu. Leo Reinout, wa meza inayotazamana na yangu, ameandika kwamba chakula kitamu ni kama malaika mdogo anakukojolea ulimini. Bi. amecheka dakika mbili. Nimehesabu.

Mkataba wa kudumu ni mmoja, sisi ni wawili. Wangu wa muda unakwisha mwisho wa mwezi. Bi. atatangaza Ijumaa ya tarehe 13. Mimi nina shahada mbili na tasnifu kuhusu ukimya katika ushairi. Reinout ana malaika anayekojoa.

Mpango: kumpiku kwenye karatasi.

Jumatano, 4 Februari

Nimekwenda chooni na "Mwenye siagi kichwani asitoke juani." Reinout aliiandika Novemba. "Haradali baada ya mlo"? Januari. "Kuanguka ndani ya nyumba pamoja na mlango"? Ipo mara mbili, ya pili na mchoro. Mama yake humpa kalenda ya misemo kila Desemba, ile ya kuchana kila siku ukurasa. Huo si usomi, huo ni urithi!

Alinikuta natoka chooni mara ya nne. Akasema pole bibie, tumbo? Nikasema ni kahawa.

Hakuna msemo uliobaki. Taifa zima limekwisha.

Alhamisi, 5 Februari

Basi nimetunga.

Saa nne na dakika arobaini, nimeketi, kalamu mkononi, dirishani korongo kasimama kwenye mfereji kama mtu aliyesahau alichofuata. Nikaandika: "Usimkopeshe korongo soksi."

Bi. alitoka akifuta machozi. Akauliza maana yake. Nikamwambia kwa sauti ya uchovu, kama mtu anayeelezea maji, kwamba anayesimama kwenye baridi kwa hiari yake haombi kupashwa moto. Akauliza inatoka wapi. Nikasema Salland, mashambani kwa bibi mzaa baba. Akaniita Jorinde mpenzi. Hajawahi.

Reinout akasema taratibu kwamba hajapata kuisikia. Ataulizia.

Sijala chakula cha jioni. Akigundua, si mkataba tu unaokwenda. Nitakuwa mwanamke aliyeghushi methali chooni.

Jumapili, 8 Februari

Siku ya kuzaliwa ya shangazi Geesje, Raalte, hukohuko Salland. Mpango: kupanda mashahidi.

Desturi yetu ni kumpa mkono kila aliyemo: hongera kwa shangazi, hongera kwa mumewe Harm, hongera kwa jirani yao, hongera kwa mama wa jirani. Mkono unauma. Viti kwenye duara. Kipande kimoja cha keki kila mtu, kisha boksi likafungwa.

Harm akalalamika kwamba amemwazima mtu trela tangu Oktoba. Nikasema kwa upole, kana kwamba najisemea, usimkopeshe korongo soksi.

Nikafuta makombo ya keki magotini.

Shangazi akaweka kikombe chini. Akasema ee Mungu wangu, mara ya mwisho kuyasikia maneno hayo ni kwa marehemu mama! Jirani akasema na kwao ilisemwa, hasa wakati wa mavuno. Harm akasema tumechanganya, si soksi, ni viatu vya mti. Shangazi akamwambia nyamaza wewe, kwenu mlijua methali gani, mlikuwa mnazungumza na nguruwe. Wakabishana saa nzima. Mama wa jirani akalia kidogo, kwa kumbukumbu.

Niliitunga Alhamisi. Nilitaka kusema. Nikaomba kahawa.

Jumatatu, 9 Februari

Nimeingia ofisini na mashahidi wanne mfukoni. Sikuwahitaji.

Reinout amempigia simu mama yake, huko Heerenveen. Mama anaijua! Tena, asema Reinout mbele ya Bi., tumeiacha nusu. Yote ni hivi: "Usimkopeshe korongo soksi, atarudisha moja."

Bi. alilazimika kuketi. Dakika tatu na nusu.

Naye ni mwongo, au mama yake ni mwongo. Lakini nitasemaje? Ili nithibitishe kwamba nusu ya pili ni ya uongo, lazima nieleze ninavyoijua nusu ya kwanza. Na kibaya zaidi, nusu yake ni bora kuliko yangu.

Nalala saa mbili usiku, kama kuku.

Ijumaa, 13 Februari

Reinout ameupata mkataba.

Bi. aliniita, akanimiminia chai, akatoa biskuti mbili, nikajua nimekwisha. Akasema mimi nina sikio zuri, lakini Reinout anaijua misemo mpaka mwisho wake. Nilifungua kinywa. Nikatia biskuti.

Kwenye baiskeli Reinout aliningoja. Akasema bibie, usinichukie, mimi mwenyewe sikuijua hata kidogo, ni mama tu, na sasa amegombana na dada yake kuhusu ni soksi ya mguu upi. Uso wake ulikuwa safi kama sahani. Nikampa mkono. Hongera. Nilichoka hata kumchukia.

Nikasimama pale kwenye mvua na kujiangalia kwa uaminifu. Nimeona wazi kosa langu lilipo: methali ni fupi mno, mtu yeyote anaweza kuimalizia.

Kwa hiyo nimeacha methali. Nimehamia mila. Saa tisa na nusu nilirudi juu na kumweleza Bi. kwamba kwetu Salland mfanyakazi haachishwi kazi kabla ndege wa malishoni hajataga yai la kwanza la machipuko, la sivyo ofisi ile hukosa wateja miaka saba. Alishika kifua. Ameshaandika barua ya kuniongezea muda hadi mwisho wa Aprili, na nimeshaitia saini. Aliuliza kama siku ya yai hilo huwa kuna wimbo.

Nimesema upo, una beti tisa.