Hiari ya Ruguru

Jumatatu, 5 Mei 2025
Uchaguzi wa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa ni mwezi ujao. Jana Muthamia, mpinzani wangu, kasema mbele ya watu kwamba asiyepokea Komunyo hawezi kuongoza. Alikuwa akinitazama mimi! Nimekaa na Ruguru miaka kumi na minne bila kufunga ndoa kanisani, kwa hiyo sipokei. Dawa ni moja: altare, tena upesi.

Jumatano, 7 Mei
Mahojiano na Padri Ngari. Kaniuliza kama sote wawili tumekubali kwa hiari. Nikajibu kwa fahari kuwa Ruguru hana neno, nimeshakubali kwa niaba yake. Padri akaweka kalamu chini. Akasema bila ridhaa ya kila mmoja hakuna ndoa, hata akibariki askofu. Nikamkumbusha kuwa mbuzi wa ruracio, mahari yetu, walifika kwao Embu wote, tena wanono. Akasema mbuzi walimridhisha baba mkwe, ila yeye padri anatafuta ridhaa ya bibi harusi.

Ijumaa, 9 Mei
Ruguru kahojiwa peke yake. Nikajibanza chini ya dirisha la ofisi nimevaa gambuti zangu, buti za mpira za shamba la viazi. Padri akamuuliza kama kuna aliyemlazimisha. Akajibu kwamba ameulizwa ilipo chumvi, lilipo jembe, na kwa nini chai imepoa. Kama anataka kuolewa na mimi, hajaulizwa hata siku moja. Kisha nikamsikia akipenga kamasi. Aibu ilinishika mpaka masikio. Nikainuka niondoke, nikagonga dirisha kwa kichwa. Wakanitazama wote wawili. Nikasema napita tu.

Jumapili, 11 Mei
Padri kaagiza nimuulize Ruguru mimi mwenyewe kama anataka kuolewa nami. Nimemuuliza jikoni akimenya viazi. Akataka kujua itakuwaje akikataa. Swali hilo sikulisomea! Nikaanza kuokota maganda. Sikujua kuwa naogopa hivi kumkosa. Akasema atanijibu Pentekoste, na nisimsukume. Nimeona haya kweli. Miaka yote hiyo nimemchukulia kama ukuta wa nyumba. Nimeapa kungoja.

Jumatatu, 12 Mei
Pentekoste ni mbali mno, karibu wiki nne. Nimempigia simu mama yake kule Majimbo, Embu, nikamwomba amwamuru Ruguru akubali, leo hii, kwa hiari yake mwenyewe.