Kitovu Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua kugombea urais. Kinyozi anavijua vichwa vya watu wote. Nani anastahili zaidi? Nimemwambia mke wangu. Akauliza kama nimeshanunua nyembe. Kabla ya adhuhuri kaka yake, yule fundi wa kuchomelea vyuma wa mlango wa pili, akatangaza kwamba anagombea yeye. Wateja wangu wakampigia makofi, mmoja nimemnyoa nusu kichwa! Roho imeniuma.

Jumanne, 4 Machi
Dawa ya shemeji imepatikana. Rais lazima awe raia wa kuzaliwa. Sasa huyu shemeji akijigonga nyundo kidoleni hulia kwa lugha ya ng'ambo ya mpaka. Ushahidi gani tena? Nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu: KITOVU KWANZA! Anayetaka ikulu aseme kitovu chake kilizikwa wapi. Mwanasheria mmoja, nikimnyoa ndevu, akadai sheria yetu haina habari na vitovu: mzazi akiwa raia, mtoto ni raia wa kuzaliwa hata akizaliwa angani. Nikamwambia asitikise kidevu.

Alhamisi, 6 Machi
Mkutano mbele ya kibanda. Watu tele. Nilimleta Mama awe shahidi, maana yeye na mama mkwe ni majirani tangu ujana wao. Mama akasema kitovu cha shemeji kilizikwa nyuma ya zahanati hapa hapa, na yeye alikuwepo. Haya, bahati mbaya. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akaongeza kwamba changu ndicho kiko ng'ambo. Alikwenda kumsalimia dada yake, uchungu ukamshikia huko huko.
Mama! Mbele ya wapiga kura!
Walicheka mpaka wakashikana mabega. Shemeji peke yake hakucheka. Alisema kwa upole kwamba sheria bado inaniruhusu, nifute tu yale maandishi yaishe. Upole wake ndio ulioniuma zaidi. Nifute? Mimi?

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa natafuta jembe.

Jumamosi, 8 Machi
Nimevuka mpaka kukichukua kitovu changu nikirudishe nyumbani. Nimechimba ua wa mama mkubwa kuanzia bomba hadi mlango wa jiko. Nimepata kijiko na kandambili moja. Jirani akaita askari. Wakauliza mgeni huyu anatafuta nini. Nikapandwa na hasira, nikawaambia mimi si mgeni, nimezaliwa hapa hapa! Mama mkubwa akaapa kwamba ni kweli. Mkubwa wao akanipa mkono, akasema karibu nyumbani, ndugu.
Kule kwetu nani aliwahi kuniita ndugu?
Tukakaa tukaongea. Kumbe sheria ya huku haiulizi wazazi. Inauliza ulizaliwa wapi, basi. Na uchaguzi wao ni mwakani.
Nimemwomba mama mkubwa ukuta wake wa mbele. Binamu amekwenda kununua rangi nyekundu.