Trei ya Vigae na Glasi ya Pili

Jumapili, 3 Machi

Sauti moja haijaniacha tangu jana. Kicheko. Kifupi, chembamba, kama cha bata aliyekanyagwa. Kilizuka katikati ya ukimya, tulipokuwa tumesimama karamuni kumkumbuka marehemu mwasisi wa kiwanda chetu cha rangi. Watu wote waligeuka kumtafuta bata. Na mimi niligeuka. Ndipo nikatambua kwamba bata ni mimi.

Nusu glasi ya divai! Ya kwanza maishani, na nina miaka ishirini na tisa. Wenzangu walianza chuoni. Mimi chuoni nilikuwa maktaba, nikisoma jinsi jicho linavyotofautisha kijani na kijani.

Kinyonga alimaliza glasi tatu na bado akasimama kama nguzo. Huyu ni mwenzangu katika maabara ya rangi. Mteja huleta kipande cha kitambaa, ganda la yai, au mlango wa kabati la nyanya yake, nasi tunachanganya rangi ya ukuta inayofanana nacho. Jina hilo alipewa kwa sababu hubadilika kumfuata aliyesimama mbele yake. Mkurugenzi akisema ni bluu, kwa Kinyonga ilikuwa bluu tangu kuzaliwa.

Sasa mkuu wetu wa maabara anastaafu. Tunamwita Mama Mkuu, kwa vile koti lake jeupe hulivaa kama mtawa. Kiti chake kitakuwa changu au cha Kinyonga. Nakitaka. Sijawahi kutaka kitu hivi, nikilala nakiota, nikiamka nakiona. Lakini mkuu wa maabara hukaa mezani na wanunuzi, na mezani huwa kuna glasi. Jina litatangazwa baada ya karamu ya kumuaga Mama Mkuu, Ijumaa ya wiki ijayo.

Kwa hiyo, swali. Je, aliyeanza kunywa akiwa mtu mzima anaweza kuhimili kama aliyeanza kijana? Au pombe ni kama lugha, aliyechelewa hubaki na lafudhi?

Sijui. Lazima nijue!

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mshauri, tena yumo humu humu ndani. Shangazi! Alifundisha kwaya maisha yake yote na hakuonja kitu mpaka alipofika miaka sitini, alipostaafu na mzazi mmoja asiyemfahamu vizuri akampa zawadi ya chupa. Shangazi hapendi vitu vipotee bure. Tangu hapo anasema pombe haimgusi. Anasema mwili uliokomaa hauingiliwi kienyeji. Pombe ikibisha hodi, huulizwa kwanza imetumwa na nani.

Nilimweleza mpango: kila baada ya siku moja nakunywa, kidogo kidogo naongeza, mpaka mwili uzoee. Akauliza kwa nini nisiombe tu soda. Nikamwambia hajaelewa swali.

Tatizo ni kipimo. Mtu akinywa hawezi kujipima kwa hisia zake, maana hisia zenyewe zimekunywa. Kinahitajika chombo. Na chombo ninacho: trei ya vigae. Ni trei ndefu yenye vigae vidogo, kuanzia bluu, kupitia kijani, mpaka manjano. Unavichanganya, kisha unavipanga upya kwa jicho, kila kimoja karibu na ndugu yake. Chini ya kila kigae pana namba. Ukimaliza, unavipindua unaona ulipokosea. Ndivyo tunavyopimwa macho kazini.

Nimeiazima trei hiyo kutoka maabara. Maabara yenyewe haijui.

Jaribio la kwanza, glasi moja, meza ya jikoni, shangazi shahidi. Makosa tele. Vigae vya kijani vilikuwa vinanikonyeza. Shangazi alisema nisijali, mstari wangu unapendeza, unafanana na pazia lake la zamani.

Alhamisi, 7 Machi

Glasi moja na nusu, na makosa yamepungua! Nimekunywa zaidi, nimekosea kidogo kuliko juzi. Mwili wangu ni mwanafunzi hodari. Nilijua tu. Wa kwetu hatujawahi kufeli.

Shangazi alikunywa mbili kunisindikiza. Alikuwa anasema, "Mimi haini..." akalala. Hapo hapo, mdomo wazi, kitambaa anachofuma kifuani. Nilimfunika kanga. Baadaye akafumbua macho, akamalizia: "...gusi."

Hili limenisumbua. Kulala kule ni kulewa, au ni uzee? Nimesoma. Inasemekana kadiri mtu anavyozeeka, maji mwilini hupungua, kwa hiyo glasi ile ile humwelemea kuliko alipokuwa kijana. Basi shangazi aliyeanza akiwa na sitini amebeba mzigo mzito zaidi, na hana mazoezi. Halafu anasema haumgusi! Huu ni ujasiri au ni kutokujua?

Kuna sentensi nyingine niliyoisoma mara mbili. Mtu akizoea pombe, si kwamba imeacha kufanya kazi yake. Yeye ndiye aliyeacha kuigundua. Nimeipigia mstari. Ni kwa ajili ya wasio na kipimo. Mimi nina trei.

Jumamosi, 9 Machi

Glasi mbili kamili. Makosa: hakuna. HAKUNA! Vigae vyote mahali pake. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, sikuhitaji hata kufikiri.

Niliinua mikono kushangilia. Kiwiko kikaipiga glasi ya shangazi.

Divai nyingi ilimwagika kwenye kitambaa cha meza. Tone moja likaangukia trei, juu ya kigae kimoja cha kijani kilichopauka, katikati kabisa. Nimekifuta. Nimekifuta tena. Shangazi alileta chumvi, kisha maombi. Kijani kimeondoka, na kilichokuja mahali pake sina jina lake, na kazi yangu ni kuzipa rangi majina. Waridi lililokata tamaa, tuseme.

Nilishtuka, lakini sikupoteza kichwa. Nilichanganya vigae upya, nikapanga. Makosa: hakuna, pamoja na kile chenye doa. Kwa hiyo doa si kitu. Kipimo kimejisemea chenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Niliirudisha trei asubuhi kabla mtu hajafika. Nilijiona jasusi. Sikukaa hata dakika, Mama Mkuu akaingia na kusema kabla hajatuacha anataka kutupima macho, mimi na Kinyonga, mara ya mwisho. Akanyoosha mkono akachukua trei. Trei ile!

Nilianza mimi. Nilimaliza kabla hajaketi vizuri. Alivipindua vigae, akasoma namba, akainua unyusi mmoja. Makosa hakuna. Unyusi haukushuka.

Akafuata Kinyonga. Alipanga taratibu, anasogea, anarudi nyuma, anafumba jicho. Kigae cha katikati alikishika muda mrefu. Akakijaribu huku, akakijaribu kule. Mwishowe akakisukuma hadi ukingoni, baada ya manjano, akaketi akitoka jasho. Mama Mkuu alikipindua, akaonyesha namba. Kosa kubwa. Kigae kilichotakiwa kuwa katikati kimewekwa mwisho wa dunia.

Kinyonga akasema, kwa sauti ndogo, kwamba labda macho yamechoka. Hapakuwa na mtu wa kumwiga. Kwa mara ya kwanza nilimwona na rangi yake mwenyewe, nayo ilikuwa majivu.

Ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha nikakumbuka kiti. Ukafungika.

Mama Mkuu alibaki na kile kigae mkononi. Sikujua kwa nini alikipeleka karibu na pua.

Jumatano, 13 Machi

Kinyonga amekuja na miwani! Fundi wa miwani amemwambia macho yake hayana shida, ila akitaka miwani atauziwa. Akataka. Anaigusa kila mara kama mtu aliyevaa kofia ya kuazima. Ameligonga kabati la makopo, akaliomba radhi.

Kibaya zaidi, ni mwema. Ameniambia, "Hongera, Profesa. Kiti ni chako hicho." Halafu akanipa nafasi yake pale dirishani, penye mwanga mzuri kuliko pote, niliyomwonea wivu tangu niajiriwe. Anasema mwanga haumsaidii kitu mwenye macho mabovu, asije akaula bure.

Nimekaa dirishani kutwa nzima. Mwanga mzuri sana. Sikuona kitu.

Nimeamua nitamwambia. Baada ya jina kutangazwa. Nikiwa mkuu nitampa likizo ya kupumzisha macho, na nitamletea trei mpya, na atashangaa jinsi alivyopona.

Ijumaa, 15 Machi, kabla ya karamu

Nimekula vizuri. Nimevaa gauni la bluu, bluu ya kweli. Mpango ni glasi mbili, si zaidi, kwa maana mbili nimezithibitisha. Shangazi amenishika bega na kusema, "Mwanangu, soda." Maskini. Watu wa enzi zake hawaamini takwimu.

Jumamosi, 16 Machi

Nianzie wapi?

Glasi ya kwanza, salama. Ya pili, salama zaidi. Hilo ndilo linalonishangaza, na naliandika kwa faida ya elimu: sikuwahi maishani kujiona mzima kama jana. Kila kitu kilikuwa wazi. Nilisikia hata kijiko kikipumua.

Mkurugenzi alimwuliza Kinyonga habari za miwani. Kinyonga akajibu, kwa kuwa Mkurugenzi naye ana miwani, kwamba miwani ni neema, kwamba sasa anaiona dunia upya. Akageuka kuonyesha hiyo dunia, akachovya tai kwenye mchuzi.

Mama Mkuu akasimama kuaga. Ukumbi ukatulia. Alisema amefanya kazi na macho ya watu wengi, na kwamba jicho halidanganyi, mwenye jicho ndiye...

Bata!

Yule yule. Mfupi, mwembamba, amekanyagwa. Safari hii sikugeuka kumtafuta.

Kumbe nilikuwa nimesimama. Nikasikia mtu anayetumia sauti yangu akiwatangazia wote kwamba macho ya Kinyonga ni mazima, avue miwani, kigae kile kina divai, divai ya shangazi, na trei ililala jikoni kwetu wiki nzima. Nikaongeza kwamba haya nayasema nikiwa na akili timamu, na kwamba naweza kuthibitisha. Nikaomba niletewe trei.

Haikuletwa.

Kinyonga alivua miwani. Alinitazama bila kubadilika rangi yoyote. Kisha akaniletea maji. Angenitukana ningeshukuru.

Shangazi alinifungulia mlango, akaniangalia, akasema hataniuliza. Akauliza. Nilipomaliza kumsimulia alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo nilipojua nilikirithi wapi kile kicheko.

Jumatatu, 18 Machi

Mama Mkuu aliniita. Makabati yake yalikuwa matupu, koti limekunjwa mezani. Nilianza kujitetea kuhusu divai. Akanikatiza. Divai haikumhusu. Aliinusa tangu Jumatatu ile, akakaa akingoja nani atasema.

Aliweka trei mbele yangu. Akaniuliza kile kigae chenye doa ni cha rangi gani. Nikasema waridi. Akauliza, waridi linafanana na kijani? Nikasema hata kidogo. Basi, akasema, mimi mwenye macho mazima niliwezaje kulipanga waridi katikati ya kijani, tena upesi vile, bila kusita?

Ghafla nilijua.

Nilikuwa sitazami. Kila jaribio, vigae vile vile, trei ile ile. Nilikuwa nimevikariri, kila kimoja na michubuko yake, kama shairi la shule. Pombe haikuwa imenizoea wala mimi sikuwa nimeizoea. Nilikuwa ninalewa vizuri sana kila jioni huku mkono ukikariri.

Akasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilistahili kuambiwa. Kinyonga alikiona kigae jinsi kilivyo, akakiweka mahali kilipostahili, kisha akaamini namba kuliko jicho lake. Huo ni ugonjwa, alisema, lakini una dawa. Kiti amepewa Kinyonga. Mimi nitabaki msaidizi, nijifunze kutazama.

Nililia kidogo chooni, kwenye kile chumba chenye taa ya manjano mbaya. Kisha nikanawa uso. Kisha nikaanza kufikiri.

Maana, tuwe wakweli: kama trei ilidanganya, basi swali bado halijajibiwa! Aliyechelewa kuanza anaweza kuzoea au hawezi? Hatujui. Hakuna lililothibitishwa. Kilichoshindwa ni kipimo tu.

Nilikwenda kwa Kinyonga, siku yake ya kwanza kitini. Nikamwomba radhi, ya kweli. Akasema, "Yameisha, dada." Nikamwuliza yeye hufanyaje, glasi tatu na bado nguzo. Akafikiri. Akasema hajui kama anahimili, ila yeye akilewa hunyamaza, watu wakadhani ni mzima. Hunyamaza! Shangazi hulala, mimi husema, yeye hunyamaza. Aliyeanza akiwa na sitini, aliyeanza jana, aliyeanza chuoni. Ni kundi kamili la kulinganisha!

Nimemwalika nyumbani Jumamosi. Amekubali, maana nilikuwa nimesimama mbele yake. Amenipa na trei mpya kutoka stoo, kwa ruhusa safari hii.

Shangazi ameshasugua glasi tatu. Na ili mtu asije tena akakariri namba, jioni hii nimekaa jikoni na kisu kidogo nikazikwangua zote, kigae kwa kigae, mpaka nyuma pamebaki peupe. Nimevichanganya vizuri sana.

Shangazi ameuliza sasa tutajuaje nani amekosea.

Nimemwambia hajaelewa swali.