Hotuba ya Jumbe Muhidini Akifungua Banda la Wazee Waimba Maulidi, Baleni

Bwana Akida, uliyeko Chole na salamu zako zi njiani. Masharifu, maimamu, wenye mashamba na wenye kuyatamani. Mzee Shamte mpiga tari na wazee wenzako waimba maulidi. Bi Mize na kina mama waitikiaji. Na mimi mwenyewe, Jumbe Muhidini bin Awadh, ninayejua kuandika jina langu lote na nusu ya la baba yangu: asalaam alaykum! (Watu: “Wa alaykum salaam.” Mzee Shamte: “Fupisha, Jumbe, mawingu hayo!”)

Sifupishi. Tangu bendera ya Mdachi ipande, hajatokea jumbe aliyewatazama wazee wenye sauti kama nilivyowatazama mimi, kwa macho yote mawili, kwa tartibu, kwa mipango na kwa mipango ya kupanga mipango, hata nikagundua kwamba tari likinyeshewa ngozi hulegea, na ikilegea mlio huwa kama wa mtu apigaye mto, na maulidi ya leo yatakuwa aibu tupu. Ndipo nikaamuru lijengwe banda. (Vigelegele.) Kwa hesabu zangu, robo tatu ya wazee sauti zimeimarika kwa kulisikia tu banda hilo, na robo iliyobaki zimeimarika zaidi. (Bi Mize: “Mimi yangu imekauka tangu juzi!”) Wewe, bibie, uko katika robo nyingine. (Kicheko.)

Kutakuwa na tangawizi ya koo, mkeka kwa kila goti bovu, na moto wa kukazia matari. Wazee mbele! (Watu: “Banda liko wapi?”) Sauti juu! (Watu: “Liko wapi?”)

Namalizia kwa shukurani. Nawashukuru wazee mliosuka makuti mwezi mzima kwa mikono inayotetemeka. Makuti yale yalikuwa mazuri mno kulala chini yakingoja nguzo ambazo hata sikuzikata, basi nikaezekea baraza yangu, na wallahi haivuji hata... (Mvua inamwagika.)

Enhe! Mnakwenda wapi na matari? Mzee Shamte, hapo ni kwangu! Bi Mize, teremka, hicho kiti changu! (Mzee Shamte, kutoka barazani: “Makuti yetu, Jumbe. Mwambie mkeo awashe moto.” Tari linalia, kavu.)

Haya. Haya! Nilisema paa, sikusema? Nilisema moto, sikusema? Basi kwa amri yangu, banda limefunguliwa rasmi. Sogeeni kidogo, nami nanyeshewa.